Klippfisk Jijini Mwanza: Samaki Mzuri, Kibandiko Kilichokosewa

Mwezi uliopita mdogo wangu alirudi kutoka Bergen, mji wa Norwei, alikokuwa kwa mafunzo ya miezi mitatu, akaniletea zawadi ambayo wengi wangeiona ni mzaha kumletea mkazi wa Mwanza: samaki mkavu. Haikuwa mzaha. Mimi mwenyewe niliishi katika mji huo kwa miaka miwili ya masomo, nikamzoea samaki huyo, na tangu nirudi nyumbani nimekuwa nikimkumbuka kila nipitapo soko la samaki la Mwaloni, Kirumba, penye mafungu ya kayabo, yaani sangara wa chumvi aliyekaushwa, yaliyopangwa hadi kimo cha mtu. Nimempika, nimemla, nimemlinganisha na wetu, na sasa naandika tathmini yake. Msomaji atanivumilia nikianza na jina kabla ya ladha, kwa sababu nyumbani kwangu jina ndilo lililotangulia kuleta taabu.

Pakiti yenyewe haina makuu. Ni mfuko wa plastiki uliotolewa hewa, wenye vipande viwili vya gramu 400 kila kimoja, vyeupe vyenye rangi ya manjano kwa mbali, vigumu kama ubao, na upande mmoja vina ngozi. Chumvi imetanda juu yake kama unga uliopeperushwa na upepo. Mtengenezaji amechapa kwa herufi ndogo Klippfisk av torsk, yaani klippfisk wa torsk, na huyo torsk ni samaki wa bahari ya baridi ambaye wanasayansi humwita Gadus morhua. Hapo hakuna kosa. Kosa limo katika kibandiko cha bei ambacho duka, nisilolitaja, lilikibandika juu ya maandishi hayo na kuyafunika nusu. Kibandiko kimeandikwa kwa herufi kubwa KLIPP FISK, na kati ya P ya mwisho na F pana nafasi ambayo hata mimi bila miwani niliiona.

Mdogo wangu, asiyejua Kinorwei, alielekeza simu kwenye kibandiko hicho, na programu ya kutafsiri ikamjibu kwa maneno mawili: kata samaki. "Shemeji, wameandika tumkate kwanza," alimwambia mke wangu, naye bila kinyongo akachukua mkasi wa jikoni. Nilipoingia nilikuta msumari wa kati wa mkasi umelegea, kipande cha samaki kina alama moja tu pembeni kama iliyoachwa na panya, na wote wawili wananitazama kana kwamba ni mimi niliyeandika.

"Kaka, hawa Wazungu wanamkataje huyu?"

Hawamkati, angalau si kwa mkasi wala akiwa mkavu. Programu ile hata hivyo haikudanganya. Ilisoma kile kilichoandikwa. Kinorwei, kama kilivyo Kijerumani, huunganisha majina bila kuacha nafasi, na nafasi hiyo ikiingizwa pasipostahili maana hugeuka. Mfano maarufu ni lammelår, paja la mwanakondoo, ambalo likitenganishwa na kuwa lamme lår huwa ni mapaja yaliyopooza. Na mwingine ni tangazo la røykfritt, mahali pasipovutwa sigara, ambalo likiandikwa røyk fritt humkaribisha mvutaji avute apendavyo. Klipp fisk imo katika kundi hilo. Kitenzi å klippe maana yake ni kukata kwa mkasi, kunyoa nywele, kukata manyoya ya kondoo. Klipp peke yake ni amri, au ni huo mkato wenyewe, na ndilo neno nililokuwa nikilisoma kwenye mbao za vinyozi wa Bergen likiwa na bei pembeni. Kwa hiyo duka lile, kwa kugusa kitufe cha nafasi mara moja, liliacha kuuza samaki likaanza kuwaamuru wateja wamnyoe.

Neno likiwa zima halina mkasi ndani yake. Klippfisk ni klippe na fisk, na klippe hiyo ni nyingine kabisa: ni jabali, mwamba ulio wazi, hasa ule wa ukingoni mwa bahari. Maneno haya mawili yanafanana kwa sauti tu, kama vile kaa la moto na kaa wa pwani wanavyofanana katika Kiswahili bila ya kuwa na undugu wowote. La kukata ni la Kinorwei cha kale, klippa, nalo lilivuka bahari likaingia hata katika Kiingereza. La jabali lilitoka kusini, kwa wasemaji wa Kijerumani cha pwani ya kaskazini, ambao wafanyabiashara wao wa umoja wa Hansa walikuwa na kituo chao Bergen tangu karne ya 14 na wakaacha katika lugha za Skandinavia maneno mengi ya biashara, ya ufundi na ya maisha ya mjini. Fisk, kwa upande wake, ndiye mwenyeji: zamani ilitamkwa fiskr, nayo ni ndugu ya Fisch ya Kijerumani, ya vis ya Kiholanzi na, kwa mbali zaidi, ya piscis ya Kilatini.

Msomaji wa Kiswahili inambidi alisome neno hili kuanzia mkiani. Sisi tunapounganisha majina tunamtanguliza mkuu, ndiyo maana garimoshi ni gari na si moshi, na batamzinga ni bata. Kinorwei humweka mkuu mwisho, na kinachotangulia kazi yake ni kueleza tu: klippfisk ni samaki, na klipp inatuambia ni samaki wa namna gani. Ndugu zake wanafuata utaratibu huohuo. Tørrfisk ni samaki mkavu, kwa kuwa tørr ni kavu, naye hana chumvi hata chembe. Hutundikwa kwenye chanja kubwa za miti na kuachiwa upepo wa baridi wa visiwa vya Lofoten. Stokkfisk, kama stokvis ya Waholanzi, ni samaki wa mti au wa fimbo. Klippfisk peke yake ndiye anayepasuliwa, akatolewa sehemu kubwa ya uti wa mgongo, akazikwa katika chumvi, kisha akakaushwa. Wanaowaita wote samaki mkavu, kama nilivyofanya mwanzoni mwa makala haya, wanamkosea mpishi, maana tørrfisk hulowekwa kwa karibu wiki nzima na klippfisk kwa siku moja au mbili.

Nimejaribu kumpa jina la Kiswahili. Samaki wa mwamba ndilo linalokuja haraka, lakini silipendi kwa sababu linamfanya msikilizaji afikirie samaki anayeishi miambani, na torsk hakupewa jina kwa alikoishi bali kwa alikolazwa baada ya kufa. Nikaelekea kwenye samaki jabali, nikagundua jambo lililonifurahisha mimi na pengine watu wachache wenye ugonjwa kama wangu: jabali ni neno tulilolitoa kwa Waarabu, na samaki vilevile, ilhali mwamba ni la Kibantu. Wanorwei nao walikuwa na berg, neno lao la tangu zamani kwa mwamba na mlima, ambalo limo ndani ya jina la mji wa Bergen wenyewe, lakini samaki huyu akapewa klippe ya wageni. Tena miamba waliyokuwa wakimwanikia waliendelea kuiita kwa lugha ya nyumbani, wakasema klippfiskberg, yaani miamba ya samaki wa majabali. Jiwe limetajwa mara mbili ndani ya neno moja na hakuna aliyeona tatizo, jambo linaloonyesha kwamba sikio la msemaji lilikuwa limekwisha kuacha kusikia jabali katika klippfisk. Lilisikia samaki fulani tu, mwenye chumvi.

Sababu ya jina kuwa la kigeni imo katika chumvi hiyo. Tørrfisk hakuhitaji kitu ila baridi na upepo, ndiyo maana Wanorwei walikuwa naye tangu zamani sana na jina lake ni lao kwa pande zote mbili. Klippfisk alihitaji chumvi nyingi, na nchi yenye jua dogo haichemshi bahari ikapata chumvi ya kutosha. Ilibidi iletwe na meli kutoka Hispania na nchi nyingine za kusini, na meli hizo hazikurudi tupu. Mwishoni mwa karne ya 17 Mholanzi aitwaye Jappe Ippes alipata idhini ya mfalme na kuanzisha kazi hiyo mahali palipoitwa Lille-Fosen, ambapo mwaka 1742 palifanywa mji na kuitwa Kristiansund kwa heshima ya mfalme Christian wa Sita. Waholanzi humwita samaki huyu klipvis, Wajerumani Klippfisch, Wadenmark, waliokuwa wakiitawala Norwei wakati huo, klipfisk kwa p moja. Ni neno lililopanda meli pamoja na mtaji.

Majabali ya Kristiansund yalikuwa mahali pa kazi ya wanawake. Asubuhi walimtandaza samaki, jioni walimkusanya na kumpanga katika mafungu ya duara yaliyofunikwa ili umande usimharibu, kesho yake wakaanza upya, kwa majuma kadhaa, na wingu likitokea walikimbia. Bandarini pale wamewekewa sanamu, iitwayo klippfiskkjerringa, yaani mama wa klippfisk, na huko pia jina ni moja, refu, lisilo na nafasi. Leo samaki hukaushwa ndani ya majengo kwa hewa ya mashine. Jabali limebaki kwenye jina tu.

Sidhani kuna mji ambao unahitaji maelezo machache zaidi kuhusu neno hili kuliko wetu. Katika visiwa vya Ukerewe nilimwona mama mmoja akilifagia jabali kwa fagio la njukuti, taratibu, pembe hadi pembe, kama anayefagia sebule anayotarajia kupokelea wakwe. Kisha akamimina dagaa kutoka kwenye beseni na kuwatandaza kwa kiganja hadi jiwe lote likawa la fedha. Nilimuuliza kwa nini asitumie ufuo, ambao ulikuwa tambarare na karibu zaidi na mtumbwi. "Mwanangu, anayekula mchanga ni nani?" alinijibu bila kuinua kichwa. Jiwe halina mchanga, lina mteremko wa kumwaga maji, na likishika jua la saa nne hulitunza hadi jioni, hivyo dagaa hukauka kwa juu na kwa chini. Mtu wa Kristiansund wa karne ya 18 asingehitaji mkalimani kuelewa jibu lile. Nasi pia tunahama: siku hizi vichanja vya nyavu vinaongezeka, na huenda wajukuu zetu watashangaa tukiwaambia dagaa walikuwa wakilala juu ya mawe.

Nije sasa kwenye sufuria, ambako bidhaa yoyote ya chakula huhukumiwa. Nyuma ya pakiti mna neno lingine la kuunga, utvanning, ambalo ni ut, nje, na vann, maji, pamoja na kiambishi cha kutaja kitendo: ni kule kuitoa chumvi nje kwa maji. Nilimloweka kwa saa 36 ndani ya friji, kwa kuwa joto la Mwanza si la kuachia samaki mezani usiku kucha, nikabadilisha maji mara nne. Maji ya kwanza yalikuwa machungu kwa chumvi, ya nne unaweza kuyaonja bila kukunja uso. Kipande kilinenepa karibu mara moja na nusu na kurudi weupe wa karatasi, na kisu cha kawaida kilikipita bila shida, jambo ambalo mke wangu alilitazama kwa ukimya uliojaa maneno.

Nusu nilimpika kwa namna ninayoikumbuka: tabaka la viazi mviringo, tabaka la vitunguu, tabaka la samaki, nyanya nyingi, pilipili, mafuta ya zeituni, moto mdogo, bila kukoroga. Chakula hicho Wanorwei hukiita bacalao, neno walilolipokea kutoka kwa Wahispania, wateja wao wa zamani pamoja na Wareno, ambao kwao bacalao ni samaki mwenyewe. Kwa hiyo Mnorwei ana samaki wake mwenye jina la Kiholanzi na Kijerumani, akishampika anampa la Kihispania, na chake hasa ni fisk peke yake. Nusu ya pili nilimpika kama tunavyompika kayabo, kwa nyanya, kitunguu, karanga zilizosagwa na ugali wa dona pembeni.

Hukumu yangu ni kwamba klippfisk wa torsk ni samaki mzuri sana wa kuoka na kuchemsha, na ni wa kawaida tu katika karanga. Nyama yake huachana kwa mapande makubwa yanayong'aa, haina mafuta, haina mwiba, na chumvi inayobaki ni ile ya kukolea. Katika viazi na nyanya alinyonya kila kitu na bado akabaki na utu wake. Katika karanga alizidiwa. Mchuzi ulisikika, yeye hakusikika. Kayabo wa sangara ana mafuta, ana harufu inayotangulia kufika mezani, na karanga ndiyo mwenzake. Anayetaka kumweka mmoja juu ya mwingine atakuwa hajawala wote wawili katika chakula kinachowafaa. Nilichokikosa kwa klippfisk ni kile kichwa na mkia vya kayabo, ambavyo huachiwa wazee.

Kipande kidogo ambacho hakijalowekwa nilimpelekea mama mmoja wa Mwaloni ambaye huniuzia kayabo. Alikinusa, akakigonga kwa ukucha, akakiinua kwenye mwanga kama fundi saa. "Kimekaushwa vizuri," alisema, "lakini hana harufu. Mkongo hamchukui huyu," akimaanisha wanunuzi wa kayabo wanaotoka Kongo. Kwa heshima zote, hapo alipitiwa. Norwei huuza Kongo klippfisk wa sei, ambaye ni binamu wa torsk mwenye nyama ya rangi ya giza kidogo, na sokoni Kinshasa samaki wa chumvi huitwa makayabu, neno ambalo sikio la Mwanza halina haja ya kutafsiriwa. Nilipomweleza alicheka sana. "Kumbe huyu ni kayabo!" Ndivyo ilivyo: yule aliyelala juu ya majabali ya Kristiansund na yule aliyetoka kwa sangara wa ziwa letu, wakifika kwa mlaji mmoja, jina lao ni moja, na limetolewa na mnunuzi. Ni jambo lilelile lililompata klippfisk alipopewa jina na Waholanzi. Jina la Kiswahili nililokuwa nikilitafuta juma zima alikuwa nalo yeye, akiwa amekaa juu ya kreti.

Kwa upande wa upatikanaji, sijamwona klippfisk katika duka lolote la Mwanza, na kwa jiji lenye kayabo sidhani kuna mfanyabiashara atakayejisumbua kumleta. Anayemtaka atategemea ndugu wanaosafiri. Kuanzia ndani ya mfuko hadi mezani sina lawama kwa mtengenezaji. Duka lile na kibandiko chake ningelipa alama ya chini kabisa, kwa sababu mwenye lugha yake anapoiandika ovyo, mgeni ndiye anayelipa, na sisi tumelipa.

Mdogo wangu atarudi Bergen mwezi wa tisa. Nimemwandikia kwenye karatasi anachopaswa kutafuta, herufi tisa zisizo na nafasi katikati, nikamwonya asisome vibandiko. Mke wangu aliichukua karatasi hiyo, akaisoma, akaongeza chini yake kwa kalamu nyekundu: na mkasi.